Naomba ushauri: kamshafti ya injini yenye supachaja

Ndugu wanachama, salamu kutoka Kampala. Ninayo Toyota yenye injini ya 4A-GZE, ya sentimita za ujazo 1587, valvu 16 na kamshafti mbili (mihimili inayofungua valvu), ambayo supachaja yake, yaani pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, huzungushwa kwa mkanda. Gari hili ni la kwenda kazini na, mara mojamoja, safari ya Jinja. Si la mashindano. Ninachotafuta ni nguvu zaidi kati ya mizunguko 2,500 na 6,000 kwa dakika, bila injini kutetemeka ninapokwama kwenye foleni, na foleni za hapa mnazijua.

Nimepima mgandamizo wa silinda zote nne na uko sawa. Fundi mmoja wa Kisekka, soko la vipuri hapa Kampala, ananishauri nifunge kamshafti za digrii 272 (yaani muda ambao valvu hukaa wazi, kwa kipimo cha mzunguko wa kranki), kama zile za injini zisizo na supachaja. Ushauri huo unanitia shaka, kwa kuwa digrii zikizidi, valvu za kuingiza hewa na za kutolea moshi hukaa wazi kwa pamoja muda mrefu zaidi, na kadiri zinavyokaa hivyo, ndivyo hewa iliyosukumwa na supachaja inavyopotelea kwenye ekzosi kabla ya kuchomwa. Kwa hiyo ninapima kati ya digrii 256 na 264, zote zikiinua valvu milimita 8.

Naomba kuuliza: ni ipi kati ya hizo mbili inayofaa matumizi haya? Na kwa kuwa nitafunga gia za kamshafti zinazorekebishika, pembe kati ya vilele vya kamshafti hizo (ikipanuliwa, valvu hukaa wazi kwa pamoja muda mfupi zaidi) niiweke digrii 110, au niipanue hadi 114?