Mbio za robo maili: pesa zinaishia wapi siku hizi?

gia_ya_tatu
Salaam wadau. Gari ni Starlet Glanza, injini 4E-FTE, tabo (feni inayosukumia injini hewa) ya kiwandani CT9, giaboksi C56. Lengo ni kukimbia mita 402 wikendi, si kutafuta ubingwa. Kila kitu kinachoulizwa Mombasa hii kimepanda: pampu, klachi, tairi, hata kutyuni, yaani kupanga upya, kompyuta ya injini. Wazee wanasema mchezo huu ulikuwa wa fundi na gari lake la nyumbani. Ni nini hasa kilichopanda? Na kwa laki mbili na nusu mtu aanzie wapi?

hedi_gaskit
Waalaikum salaam. Kwanza ni shilingi. Kifaa cha dola 1,000 mwaka 2017 kilikuwa laki moja na elfu tatu hivi. Januari 2024 kikagusa laki moja na sitini. Sasa ni kama laki moja na thelathini, kabla ya ushuru na VAT ya asilimia 16. Dola ilishuka, lakini wenye maduka ni kama hawakupata habari.

Pili, injini tunazozitaka sisi na Mmarekani anazitaka. Sheria yao huruhusu gari la nje kuingizwa likitimiza miaka 25: Skyline R32 mwaka 2014, Supra JZA80 mwaka 2018, R34 GT-R mwaka 2024. Huku kwetu gari la zaidi ya miaka 8 haliingii, kwa hivyo tunagombania yaliyokwisha kuingia na injini kuukuu zinazoletwa kwa makontena.

Lakini kinachommaliza mtu zaidi ni hesabu ya sekunde. Iko kanuni ya zamani: chukua uzito wa gari na dereva kwa ratili, gawanya kwa nguvu za farasi za injini, tafuta kipeuo cha tatu, zidisha kwa 5.825. Hizo ndizo sekunde zako za robo maili. Starlet na dereva ni kama kilo 975, yaani ratili 2,150. Sekunde 14 zinataka farasi 155. Sekunde 12, farasi 246. Sekunde 10, farasi 425. Sekunde mbili za kwanza umezinunua kwa farasi 90, mbili za pili kwa 180, na hizo 180 si za bei ya zile 90. Kompyuta ya kiwandani hukata mafuta msukumo wa tabo ukifika karibu na psi 12 (psi ni kipimo cha mgandamizo). Ukiivuka, CT9 inapuliza hewa moto tu, basi unabadilisha tabo. Tabo inadai injekta (vinyunyizi vya petroli) na pampu, klachi inaanza kuteleza, ukiiweka ngumu C56 inang'oka meno, ukipata giaboksi imara shafti za magurudumu zinakatika. Hapo bado hujagusa pistoni.

taa_ya_kijani
Ndiyo maana Wamarekani wenyewe walibuni mbio za kutaja muda, miaka ya 1970. Unaandika muda wako kwenye kioo. Wewe 15.20, mwenzako 12.90: taa yako inawaka sekunde 2.30 kabla ya yake. Ukikimbia chini ya muda ulioandika, umejitoa. Anayeshinda ni anayejirudia na anayeiwahi taa, na farasi hawamsaidii mtu kuiwahi taa. Gari la sekunde 15 linalorudia muda ule ule ndani ya 0.05 linampiga la sekunde 11 linalobadilika kila safari. Yakhe, waandaaji wa huku wakiweka daraja hilo, nusu ya malalamiko ya bei yatakwisha.

Kwa laki mbili na nusu, usinunue nguvu. Pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kwanza, ekseleta imekanyagwa mpaka chini, silinda zisitofautiane zaidi ya asilimia 10. Zikitofautiana, pesa zote ziende hapo. Zikiwa sawa, nunua tairi mbili laini za mbele na bushi ngumu za injini. Mbele jaza psi 20 hivi, nyuma 40. Gurudumu likirukaruka wakati wa kuondoka, achia ekseleta hapo hapo, maana shafti hukatika kwa kuruka kule kuliko kwa nguvu. Ukipunguza sehemu moja ya kumi ya sekunde katika mita 18 za mwanzo, mwishoni unaona karibu mara mbili yake.

gia_ya_tatu
Shukran. Kuna kompyuta iliyotyuniwa Nairobi inauzwa nafuu. Niichukue?

hedi_gaskit
Ichukue kama kompyuta, tyuni yake itupe. Nairobi iko juu kama mita 1,700, mgandamizo wa hewa ni asilimia 82 hivi ya huku. Geji ikisoma psi 13 kule, ndani ya manifoldi (bomba la kuingizia hewa) jumla, pamoja na mgandamizo wa hewa ya nje, ni 25. Hapa ni karibu 28, na sehemu hiyo ya jedwali la mafuta ndani ya kompyuta fundi wa bara hakuifikia, kwa hivyo namba zake ni za kubahatisha. Mafuta yakipungua kwenye joto letu hili, injini inagonga (mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda) na kingo za ringi zinavunjika kwenye pistoni. Dalili yake ni dipstiki kusukumwa juu na moshi wa bluu. Tabo ikisukuma, uwiano usipite 11.5 ya hewa kwa 1 ya petroli.

mkanda_kwanza
Helmeti ya bodaboda msiilete. Ya magari, yenye alama ya wapimaji Snell aina ya SA, hujaribiwa kwa moto, ya pikipiki hapana. Kwa kanuni za NHRA, chama cha mbio hizi Marekani, helmeti ni lazima kwa gari la sekunde 13.99 au chini yake, vyuma vya kukinga paa 11.49, kizimba kamili 9.99, na mikanda ya SFI (alama ya viwango vya usalama) huisha muda baada ya miaka 2 hata kama haijavaliwa. Kwa hivyo mkanda wa bei ya kutupa, soma tarehe kwanza.

gia_ya_tatu
Plagi je?

hedi_gaskit
Hatua moja baridi (inayotoa joto haraka) kuliko ya kiwandani, mwanya 0.7 mm. NGK na Denso, namba ikipanda ni baridi zaidi. Bosch ni kinyume, angalia usije ukaweka ya moto.