Naomba ushauri: kuruka na glaida kwenye milima ya Alps

Wakuu, naombeni ushauri. Naishi Ujerumani, najifunza kurusha glaida, ile ndege isiyo na injini, na mwalimu ameshaniruhusu kuruka peke yangu. Sasa tunajiandaa kwenda Alps. Nina redio, parachuti na FLARM, kile kifaa kinachoonya glaida nyingine ikikaribia. Ila wenzangu wanakitegemea mno, macho hayatoki kwenye skrini, wakati hakimwoni rubani asiye na kifaa kama hicho. Hilo linanitia hofu kweli.

Wazoefu, kabla ya kuruka mnawauliza nini marubani wenyeji ambacho utabiri wa hali ya hewa hausemi? Na mkijikuta upande wa mlima uliokingwa na upepo, hewa inashuka, mnabakiza kimo gani ndipo mnaacha safari mkatafute pa kutua?