Mafumbo ya namba yenye vidokezo vya picha kwenye usaili: mnapima akili zetu au mashine yenu ya fotokopi?

Wakuu, salaam. Wasimamizi, nawaomba huu uzi msiuhamishie jukwaa la vichekesho, maana sichekeshi. Nimekaa siku tatu nikisubiri hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka.

Juzijuzi nilikwenda kwenye usaili wa kazi ya kutunza stoo. Kampuni siitaji. Tuliitwa watu kama 40, tukasogezewa viti ukumbini, simu zikakusanywa kwenye boksi, kila mtu akapewa karatasi mbili zilizobanwa pini. Maswali 20, dakika 30, kalkuleta marufuku. Nilijua nitaulizwa mambo ya stoo: leja, kadi za bidhaa, mali ipi itoke kwanza, ukikuta hesabu ya rafuni na ya kwenye daftari hazikubaliani unafanyaje. Miaka sita nimefanya hiyo kazi. Wapi! Hakuna hata swali moja. Yote 20 ni yale mafumbo yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, yenye namba zimepangwa na picha pembeni, na chini wameandika "wenye akili tu ndio watajibu".

Kabla hamjaniita mvivu wa hesabu: mafumbo nayapenda. Nimekulia kwenye vitendawili. Bibi akitega "nyumba yangu haina mlango", kila ninachohitaji kimeshatoka mdomoni mwake, nikishindwa natoa mji, tunacheka, tunaendelea. Hakukuwa na kitendawili ambacho nusu yake bibi aliiacha chumbani. Hawa waliiacha kwenye mashine ya fotokopi, halafu aliyeshindwa hakutoa mji, alikosa kazi.

Tuanze na swali la matunda. Mnalijua, lilivuma sana 2016. Tufaha tatu zikijumlishwa ni 30. Tufaha moja na chane mbili za ndizi ni 18. Chane ya ndizi ukitoa nazi, 2. Mstari wa mwisho: nazi, tufaha na ndizi, jumla ngapi? Anayekurupuka anajibu 16. Kumbe mtego uko kwenye picha: chane za juu zina ndizi nne nne, ile ya chini ina tatu. Nazi ya juu ni vipande viwili, ya chini ni kipande kimoja. Kwa hiyo 1 na 10 na 3, jibu 14.

Sawa. Sasa pateni picha ya karatasi tuliyopewa sisi. Mtu alipiga picha kioo cha simu, akaichapa, akaitoa kopi, kopi ikatolewa kopi nyingine mpaka wino ukajaa. Ndizi zote zilikuwa bonge moja jeusi. Nazi ilikuwa duara jeusi. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja, nimemwamkia shikamoo pale mlangoni, ana miwani mizito na ameshika stoo kabla mimi sijaanza shule. Akaninong'oneza, "Mwanangu, hii ni ndizi au ni glovu imeanikwa?" Nikashindwa kumjibu maana hata mimi niliona glovu.

Na hata picha ingekuwa safi, bado nina neno. Mstari wa pili unaniambia chane ya ndizi nne thamani yake ni 4. Hauniambii popote kwamba ndizi moja ni 1. Muulizeni mama yeyote mwenye meza ya ndizi sokoni: chane ya ndizi tatu zilizonona na chane ya ndizi nne zilizodumaa, ipi ghali? Kwenye hesabu, ukibadilisha alama umeleta kitu kipya, na kitu kipya thamani yake lazima uitaje. Wanaojibu 14 wamekisia kile mtungaji alichokuwa nacho kichwani. Wamekisia vizuri, hongera zao, lakini hapo hakuna hesabu iliyofanyika. Kuna matoleo mengine mstari wa mwisho unawekewa alama ya kuzidisha kwa kificho katikati ya kujumlisha. Hiyo naikubali kabisa, maana hapo ile MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) tuliyokaririshwa shuleni inapata kazi na kila mtu anajua kanuni.

Swali la 14 ndilo lililonichekesha kwa uchungu. Limeandikwa hivi, mstari mmoja, bila picha yoyote:

16, 06, 68, 88, __, 98

Wazoefu mmeshalitambua. Hilo ni lile la maegesho ya magari lililozagaa 2014, lile lililosambazwa kama swali la watoto wanaoingia darasa la kwanza Hong Kong. Asili yake kuna picha: maegesho yamechorwa kwa juu, kila nafasi ina namba yake chini, gari limeegeshwa juu ya namba moja. Unaulizwa gari liko namba ngapi. Ukiitazama kwa upande ambao dereva anaingilia, yaani ukiigeuza juu chini, inakuwa 86, gari, 88, 89, 90, 91. Gari limekalia 87. Fumbo zuri sana lile, kwa sababu picha ndiyo inayokupa ruhusa ya kugeuza. Gari lina mbele na nyuma, dereva anaingia kwa upande wake.

Sasa ukiondoa gari, ukaondoa mistari ya maegesho, ukaniachia namba tupu kwenye karatasi, nani kaniambia nigeuze? Kwa nini nisisome kwa kioo? Kwa nini nisikunje karatasi mara nne?

Mimi lile nilikuwa nalijua, shemeji alilituma kwenye grupu la familia. Nikageuza karatasi nihakikishe. Dada msimamizi akaja mbio, "Kaka, weka karatasi yako vizuri, usichungulie ya nyuma." Nikamwambia dada, swali lenyewe linataka kugeuzwa. Akaniangalia kama nimeanza kuchanganyikiwa. Nikaandika 87, nikapata. Nimepata kwa akili? Hapana, nimepata kwa kuwa na shemeji asiye na kazi. Mzee wa watu hana grupu lolote, akakosa.

Swali la 16 lilikuwa ni lile la vitobo. 8809 = 6, 6666 = 4, 7777 = 0, halafu unapewa namba ya mwisho utafute. Siri yake unaacha hesabu, unahesabu matundu kwenye maumbo: 8 ina matundu mawili, 0, 6 na 9 moja moja, zilizobaki kwenye fumbo lile hazina. Kwa hiyo 8809 ni 2 na 2 na 1 na 1. Fumbo la asili linaishia na 2581, jibu 2. Sasa nendeni mkaitazame ile orodha ya asili kwa makini. Hamtaikuta tarakimu 4 humo, na sidhani kama ni bahati. 4 ya kompyuta ina tundu, lakini 4 tunayoandika kwa mkono wengi wetu ipo wazi juu, haina tundu. Huyu fundi wetu wa usaili yeye kabadilisha namba ya mwisho ili tusikariri, kaweka 4481. Kwa mwandiko uliochapwa pale, 4 zote mbili zimefungwa kabisa, kwa hiyo 1, 1, 2, 0, jibu 4. Nikaandika 4 nikiwa na raha. Majibu yaliposomwa: 2. Nikanyoosha mkono nikauliza, na haya matundu ya 4 tuyapeleke wapi? Aliyekuwa anayasoma akajibu, "4 haina tundu, kaka." Karatasi iko mezani kwake, tundu linamtazama!

Halafu hili hapa, lililonitoa usingizi:

6, 2, 5, 5, 4, 5, 6, __

Hakuna picha, hakuna neno. Nilijaribu kutoa, kujumlisha, kuruka moja moja, dakika nne nzima zikaenda. Jibu lao ni 3. Kwa nini? Eti ni idadi ya vijiti vinavyowaka kwenye kioo cha kalkuleta kuandika 0, 1, 2, 3, 4, 5, 6, na 7. Kweli, 0 inatumia vijiti sita, 1 viwili, 2 vitano, na kadhalika mpaka 8 yenye vyote saba. Ni wazo tamu. Lakini wewe umeninyang'anya kalkuleta mlangoni, hujachora hata kijiti kimoja, halafu unaniuliza habari za kioo chake!

Nilivyofika nyumbani nikaitoa kalkuleta yangu ya zamani ya stoo. Nikabonyeza 7. Vijiti vinne. Ina kile kijiti cha ziada kinachoshuka kushoto juu. Kalkuleta za namna hiyo zipo tele madukani, na nyingine hata 6 au 9 zinaziandika kwa vijiti vitano badala ya sita. Kwa hiyo aliyejibu 4 akiwa anakumbuka kalkuleta ya kwao kapata au kakosa? Kwa sheria ipi?

Hapa ndipo ugonjwa wenyewe ulipo wakuu, na hauanzii kwenye picha. Mfuatano wa namba chache hauna mwendelezo mmoja tu. Ukinipa 1, 2, 4, 8, 16, nikikujibu 32 niko sahihi, naongeza maradufu. Nikikujibu 31 pia niko sahihi: chora duara, weka nukta kwenye ukingo, unganisha kila nukta na nyingine kwa mistari, hesabu vipande vingi kabisa vinavyoweza kupatikana. Nukta moja kipande 1, mbili 2, tatu 4, nne 8, tano 16, na nukta sita zinatoa 31. Chora uhesabu mwenyewe. Nukta saba ni 57. Na wanahesabu wana njia ya kutengeneza kanuni halali itakayopita kwenye namba zozote utakazotoa na kuishia kwenye namba yoyote ninayoitaka mimi. Mwanahesabu Neil Sloane alianza kukusanya mifuatano mwaka 1964 akiwa mwanafunzi, leo hazina yake mtandaoni ina zaidi ya mifuatano 350,000. Ukiandika namba tano za mwanzo humo mara nyingi unarudishiwa orodha ndefu ya mifuatano inayoanza sawa na kuachana mbele. Kwa hiyo picha kwenye fumbo ina kazi moja kubwa: kuchagua mwendelezo mmoja kati ya miendelezo yote hiyo. Ukiiondoa picha hujaongeza ugumu. Umefuta swali.

Fumbo lililofichwa kihalali ni kama lile la 1, 11, 21, 1211, 111221. Halina picha, halina rangi, ukilitoa kopi mara mia halipungui. Unasoma unachokiona: "moja, ipo moja", unaandika 11. "Moja, zipo mbili", unatanguliza idadi, 21. Linalofuata ni 312211. John Conway, mwanahesabu mkubwa tu, alikaa akalichambua. Lile likinishinda nitanyamaza, maana kila kitu kilikuwa mbele yangu.

Nilipata 11 kati ya 20. Walitaka 12. Mzee sikumuuliza alipata ngapi, alikuwa ameshaelekea kituoni amekunja miwani mfukoni.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Naona mkuu mmoja huko chini anasema stoo inahitaji mtu mwenye jicho kali, ndiyo maana wakaweka picha. Mkuu, nakubali jicho. Nileteeni rafu yenye katoni 60, nyuma zimepangwa tupu kuziba pengo, mbele nzima, niambieni nihesabu. Huo ndio mtego wa picha wa stoo na nimeshaukamata mara mbili.

NYONGEZA 2: Mnaosema nikate rufaa, niliuliza. Nikajibiwa majibu yametolewa mtandaoni, hayabadiliki.

NYONGEZA 3: Nanyi mnaonitania kwamba nimefeli tu, haya, jibuni hili, nimelitunga kwenye daladala: 4, 5, 4, 3, 4, 4, 4, 4, 4, 4, __. Hakuna picha.

NYONGEZA 4: Mmelipata haraka, safi. Ni herufi za moja, mbili, tatu, nne mpaka kumi, na "kumi na moja" ina herufi 10. Wewe uliyejibu 12 kwa kuhesabu na nafasi kati ya maneno, nimekupa alama yako.