Viatu vya Babu

*Kikundi cha Ukoo, 25 Julai*

Mimi: Shikamooni wazee wangu. Leo Siku ya Mashujaa. Nimeikuta hii kwenye albamu ya Mama.
[Picha]

Shangazi Tabora: Marahaba mwanangu. Jamani baba yangu 😭 Kombati mpya, mikunjo ya stoo bado inaonekana.

Baba Mkubwa: Hiyo ni mwishoni mwa 1978, kabla hawajapelekwa Kagera. Alikuwa mgambo, Mwalimu Nyerere alipotangaza vita na Idi Amin wa Uganda tarehe 2 Novemba wakaingizwa jeshini.

Kaka Mdogo: Baba Mkubwa, mbona Babu hakuwa anakwenda kwenye gwaride la mashujaa? Siku hii alikuwa anashinda nyumbani.

Baba Mkubwa: Mwulizeni mama. Mimi nilimwuliza baba nikiwa darasa la sita, akanyamaza, akatoka kwenda kwenye ng'ombe.

Bibi: [Ujumbe wa sauti, dakika 3]

Shangazi Tabora: Mtandao huku unasuasua, sauti haifunguki. Nani atuandikie?

Mimi: Naandika Shangazi, maneno yake vilevile:

"Hamjambo wanangu. Babu yenu hakukataa gwaride kwa kiburi. Alikuwa akisema mashujaa wako Kaboya, mimi nilirudi. Nikamwambia basi twende huko Kaboya. Tukapanda MV Victoria usiku kutoka Mwanza, tukashuka Kemondo, tukatafuta gari. Makaburi yale yamepangwa mistari kama watu walio paredi. Akapita moja moja, midomo inacheza, sauti haitoki. Mbele ya moja akasimama, akapiga saluti. Mkono ukakaa pale juu mpaka nikaogopa. Sikumwuliza ni la nani. Tukiwa melini kurudi ndipo akanitajia Lukaya, kule Uganda, usiku wa tarehe 10 Machi 1979. Barabara imepita katikati ya kinamasi, mabomu yanaangukia barabarani, watu wanakimbilia kwenye mafunjo gizani. Akasema, mwenzangu alikuwa amevua viatu miguu ipumzike. Basi. Hakuongeza neno, na mimi sikumwongezea swali."

Shangazi Tabora: Mungu wangu. Viatu.

Shangazi Tabora: Mnajua viatu vyake vilivyokuwa vinakaa? Kando ya kitanda, vimeelekea mlangoni, kamba zimelegezwa. Siku moja nafagia nikavisogeza ukutani. Baba hakuwahi kunigombeza maishani isipokuwa siku ile. Nililia mpaka jioni, sikujua kosa langu.

Bibi: Hata mwaka ule wa mwisho, miguu haimbebi tena, kila usiku ananiuliza, mama, viatu viko wapi? Namwambia viko, vinaangalia mlango. Ndipo analala.

Mama: 😭😭 Mkwe wangu alikuwa mpole mno. Nilidhani ni mazoea tu ya jeshini.

Bibi: Na wewe mwanangu wa kwanza nikwambie jambo. Ulizaliwa wiki ileile Kampala ilipochukuliwa, Aprili 1979. Watu wakataka kukupa jina, nikakataa, nikasema baba yake yuko hai. Sikuwa na barua wala habari yoyote. Nilisema tu.

Bibi: Aliporudi ulishaanza kutambaa. Akasimama mlangoni na begi lake, anakutazama, hakushiki. Nikadhani hakupendi, moyo ukaniuma. Akaomba maji. Akanawa mikono kwa sabuni. Akaomba mengine, akanawa tena. Ya tatu nilimmiminia mimi. Ndipo akakubeba, na hakukuweka chini mpaka giza likaingia.

Baba Mkubwa: Mama, miaka yote hii hukuwahi kuniambia.

Bibi: Alikuwa hai, habari ilikuwa yake. Sasa ni yangu.

Baba Mkubwa: Nimetoka nje ya ofisi kidogo. Nitawapigia baadaye.

Mimi: Pole Baba Mkubwa. Pole Bibi yetu.

Kaka Mdogo: Bibi, kesho nakuja twende kaburini. Na vile viatu, nivitengenezee kabati la kioo pale sebuleni wageni wavione?

Bibi: Hapana mjukuu wangu. Viache palepale upande wake wa kitanda. Kila Ijumaa navipaka kiwi mwenyewe.

Bibi: Wewe fika saa kumi na mbili asubuhi, chai itakuwa tayari. Uje na jembe dogo, majani yameota pale kichwani pake.