Dalali kauza mchele chini ya bei tuliyompa, na magunia mengine kayazuia. Sheria inasemaje?

Mpunga_Ubaruku

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa sheria ya uwakala, upande wa Tanzania Bara.

Kikundi cha wakulima kimepeleka magunia 150 ya mchele, kila moja kilo 100, kwa dalali wa nafaka Dar es Salaam. Mkataba wa karatasi haupo, makubaliano yote yako WhatsApp: asiuze chini ya 2,400 kwa kilo, auze taslimu, kamisheni yake 40 kwa kilo. Mchanganuo aliotuma ni huu:

Magunia 60 kauza 2,450 taslimu, jumla 14,700,000.
Magunia 50 kauza 2,300 mali kauli (mnunuzi kachukua mzigo, atalipa baadaye), jumla 11,500,000.
Magunia 40 bado yako stoo kwake.
Kamisheni ya magunia 110 ni 440,000. Makuli, ushuru wa soko na stoo 380,000.

Ametuma 20,000,000. Anasema hizo ndizo zote alizopokea, na 6,200,000 ziko kwa mnunuzi wa yale 50. Zikilipwa atakata 820,000 zake na kutuma 5,380,000. Mpaka hapo, magunia 40 hayatoki stoo.

Sasa imejulikana kwamba "mnunuzi" wa yale 50 ni duka ambalo watu wa sokoni wanasema ni la dalali mwenyewe, na duka hilo limeshayauza yote kwa 2,500. Mwenye duka la rejareja aliyeyanunua ana risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi).

Maswali: tunaweza kuyakataa mauzo ya yale 50? Ana haki ya kuzuia yale 40? Na kamisheni anastahili yote?

Kifungu_kwa_Kifungu

Mkuu, kesi yenu iko vizuri kuliko mnavyodhani, ila msiseme neno lolote kwa dalali kabla ya kusoma hadi mwisho.

Sheria inayowahusu ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Masharti ya uwakala yanaanzia kifungu cha 134. Ilitungwa 1961 na mizizi yake ni Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, ndiyo maana hukumu za India husomwa sana mahakamani kwetu kwenye mambo haya. Uwakala hauhitaji karatasi ili uwepo. Maneno ya mdomo yanatosha, hata mwenendo wa pande mbili. Meseji zenu za WhatsApp zinakubalika kama ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, mradi muweze kueleza zimetoka simu gani na zimehifadhiwaje. Simu yenyewe isiuzwe wala isifutwe kitu. Picha za skrini peke yake hubishaniwa sana.

Wakala ana wajibu kadhaa, lakini kwenu mitatu ndiyo yenye uzito.

Kwanza, afuate maelekezo ya mwenye mali. Akiyakiuka na hasara ikatokea, anailipa yeye. Mlisema 2,400 na taslimu, yeye kauza 2,300 na mali kauli. Hata duka lingekuwa la mtu baki kabisa, pengo la shilingi 100 kwa kilo 5,000 ni 500,000 juu yake. Na mnunuzi wa mali kauli akikimbia, deni ni la dalali. Maneno ya "nasubiri mnunuzi alipe" hayamsaidii mtu aliyeambiwa auze taslimu.

Pili, asifanye biashara na nafsi yake kwa mali ya aliyemtuma bila kumweleza yote na kupata ridhaa yake. Hapa mwenye mali anapewa njia mbili. Anaweza kuyakataa mauzo, ikiwa jambo la msingi lilifichwa kwa hila au mauzo yamemtia hasara. Au anaweza kudai faida yote ambayo wakala ameipata. Kuyakataa mauzo kungefaa kama magunia yangekuwa bado dukani. Yameshafika kwa mtu wa tatu aliyelipa kwa nia njema, kwa hiyo msimsumbue huyo wa rejareja. Dai lenu ni faida. Duka limepata 12,500,000, na hizo zote zinahesabiwa kuwa zenu. Cha juu cha siri, yaani nyongeza ya bei ambayo dalali anajiwekea bila kuwaambia, hakina nafasi katika uwakala, hata kama sokoni kimezoeleka.

Tatu, atoe hesabu kamili anapodaiwa. Ombeni tarehe ya kila mauzo, jina la mnunuzi, kilo, bei, na risiti za gharama. Mchanganuo wa mistari minne kwenye simu si hesabu.

Kuhusu kamisheni: wakala aliyekosa uaminifu hapati malipo kwa sehemu ile ya kazi aliyoiharibu. Sehemu aliyoifanya vizuri analipwa. Yale 60 kauza juu ya bei yenu na kwa taslimu, ana 240,000 zake halali. Kwa yale 50 hana kitu.

Hesabu inakuwa hivi: 14,700,000 jumlisha 12,500,000 ni 27,200,000. Toa kamisheni 240,000 na gharama 380,000 (kama zina uthibitisho), inabaki 26,580,000. Ametuma 20,000,000, kwa hiyo mnamdai 6,580,000 na magunia 40. Tofauti na alizoahidi yeye ni 1,200,000.

Angalieni lakini kwamba hesabu hii yote imesimama juu ya jambo moja, kwamba duka ni lake. "Watu wa sokoni wanasema" haitoshi. Risiti ya EFD ina jina la biashara na TIN (namba ya mlipakodi). Chukueni jina hilo, mfanye upekuzi BRELA (wakala wa usajili wa biashara) mpate taarifa rasmi ya mmiliki wa jina la biashara. Ikitoka kwamba mmiliki ni ndugu yake, dai la faida linadhoofika, mtahitaji ushahidi kwamba dalali ananufaika humo. Dai la 500,000 za bei ya chini bado halitikisiki.

Na onyo: msipokee hata shilingi moja kwa meseji ya "tumepokea, asante, tumemalizana". Mwenye mali akishajua ukweli wote kisha akapokea mapato bila kulalamika, anahesabika ameyaridhia mauzo, na sheria haikubali kuridhia nusu na kukataa nusu ya muamala mmoja. Kila pesa ikiingia, jibuni siku hiyo hiyo kwa maandishi kwamba mmepokea kama sehemu ya deni na madai mengine yanabaki palepale. Zile 20,000,000 mlipokea kabla ya kujua, hazina tatizo.

Mzee_wa_Nafaka

Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia, ila naomba haki za dalali nazo zisipunjwe, maana zimo ndani ya sheria hiyo hiyo.

Dalali ana haki ya kukata kwenye pesa za mauzo alizoshika: kamisheni, gharama alizotoa kwa ajili ya kazi, na fedha alizotanguliza. Baada ya hapo ndipo hutuma salio. Ana haki pia ya kushikilia mali hadi alipwe kilicho chake juu ya mali hiyo. Na mwenye mali lazima amfidie kwa hasara iliyotokana na kutekeleza maagizo halali. Mkimwagiza apeleke mzigo kwa mteja fulani, mteja akaukataa na lori likarudi, nauli ni yenu.

Kuhusu 380,000, msidai risiti ya EFD kwa kila kitu. Makuli hawatoi risiti. Kinachokubalika sokoni ni karatasi ya kushushia yenye idadi ya magunia, bei kwa gunia, tarehe na sahihi ya msimamizi wa makuli. Ushuru wa soko lazima uwe na stakabadhi, hapo hakuna udhuru. Pango la stoo linategemea mlivyokubaliana. Kama hamkutaja, kinachotazamwa ni desturi ya soko hilo, na desturi huthibitishwa kwa kuita madalali wengine wawili watatu waeleze wanatoza nini.

Hata mali kauli, kama mngekuwa kimya, desturi ya soko ndiyo ingejaza pengo. Masoko mengine ya nafaka huuza mali kauli siku 7 hadi 14 kwa wateja wa kudumu, na dalali aliyechunguza uwezo wa mteja asingelaumiwa. Kilichomfunga huyu ni meseji yenu ya "taslimu tu". Wanaopeleka mzigo waige hilo. Andikeni bei ya chini, namna ya malipo, muda wa mwisho wa kutuma pesa, na nani anabeba stoo baada ya siku ngapi.

Kitu kingine: wengi humlaumu kijana wa dalali anayepokea pesa gengeni. Mwenye mali hana haja ya kumtafuta kijana. Dalali akitumia msaidizi anayeruhusiwa na desturi, anawajibika kwenu kwa makosa ya msaidizi huyo kama ni yake mwenyewe.

Mpunga_Ubaruku

Asanteni sana. Kuna jambo sikulitaja nikidhani halina uzito. Dalali alitanguliza 1,500,000 za lori kabla mzigo haujaondoka, na kwenye meseji aliandika "hii nitajikata mzigo ukiuzwa". Kwenye mchanganuo hakuiweka, ila jana kasema ndiyo sababu kuu ya kuzuia yale 40, na kwamba kwa sababu hiyo hatuwezi kumwondoa kazini. Upande wetu wengine wanataka twende polisi moja kwa moja.

Kifungu_kwa_Kifungu

Ina uzito, tena mkubwa, na vizuri umeisema sasa.

Kwa kawaida mwenye mali anaweza kumwondoa wakala wakati wowote kabla hajaitumia mamlaka aliyopewa. Lakini wakala akiwa na maslahi yake mwenyewe ndani ya mali anayoiuza, mfano amewakopesha na mkampa mzigo auze ajilipe humo, mamlaka hayo hayaondolewi kwa namna ya kuyaumiza maslahi hayo. Ndiyo maana madalali wengi hutanguliza mbolea au nauli. Kwa hiyo hoja yake si ya kupuuzwa. Meseji ya "nitajikata mzigo ukiuzwa" inamsaidia.

Inakwama hapa: maslahi hayo huisha deni likishalipika. Kama duka ni lake, pesa za yale 50 ziko mfukoni mwake tayari, 12,500,000, na alizotuma juu ya zile za magunia 60 ni 5,300,000 tu. Anashika 7,200,000. Toeni humo 1,500,000, toeni 380,000 na 240,000, bado ana 5,080,000 zenu. Mtu anayeshika fedha za kumtosha hana deni la kumfanya azuie magunia. Kama duka si lake na kweli hajalipwa, basi kuyazuia kwa ajili ya gharama za mzigo huo na nauli aliyotanguliza kuna msingi. Ndiyo sababu nilisisitiza BRELA kwanza.

Hata akiwa na haki ya kuzuia, kuzuia si kuuza. Haki hiyo peke yake haimpi ruhusa ya kuyauza yale 40 kufidia gharama zake, na anatakiwa ayatunze. Yakiloa au kuingia wadudu kwa uzembe wake, analipa.

Ushauri wangu wa kibiashara: magunia 40 kwa bei yenu ya chini ni 9,600,000, na mchele haukai stoo ukisubiri kesi. Mwandikieni barua kwamba nauli, gharama zenye uthibitisho na kamisheni ya yale 60 akate kwenye fedha alizoshika, na ayaachie magunia ndani ya siku 7. Akigoma, na mkiwa na uwezo, mlipeni hizo 1,500,000 na gharama huku mkiandika kwamba mnalipa bila kukubali dai lake, mchukue mzigo, kisha mdai hesabu yote. Ni nafuu kuliko kushinda kesi wakati mchele umeshaharibika.

Polisi: Kanuni ya Adhabu ina kosa la wizi wa wakala, ni kweli. Lakini lazima ithibitike kwamba alizichukua fedha kwa nia ya udanganyifu. Mgogoro wa hesabu, ambapo naye ana madai yake ya kweli, hurudishwa kuwa wa madai. Mkianzia polisi atanyamaza kutoa hesabu, na hesabu ndiyo mnayoihitaji sasa. Muda mnao: madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6. Haraka iko kwenye mchele.

Stoo_Namba_Tatu

Naongeza la kumwondoa kazini, maana hapa watu hupotea.

Kumwondoa kunaanza kufanya kazi kwake siku anapopata habari, na kwa wateja siku wao wanapopata habari. Mkimwandikia dalali peke yake, kisha kesho akamuuzia mteja wake wa siku zote asiyejua lolote, mauzo yanawafunga ninyi. Kwa hiyo barua iwe na nakala kwa mwenye stoo, kwa uongozi wa soko, na kwa wanunuzi mnaowafahamu. Kila nakala isainiwe na tarehe na aliyeipokea. Hali hiyo hiyo inahusu bei yenu ya 2,400: ni siri kati yenu na dalali. Mnunuzi halisi aliyepewa 2,300 bila kujua ukomo huo anabaki na mzigo wake, ninyi mnabaki na dalali.

Kwa wasomaji wa Kenya, huko uwakala unafuata zaidi kanuni za Kiingereza kuliko sheria ya mfano wa India. Katika mambo haya ya cha juu, hesabu na kumjulisha mteja, matokeo hayatofautiani sana, lakini msinukuu vifungu vya Sura ya 345 Nairobi.

Mpunga, kabla barua haijaenda, tumeni mtu wenu akahesabu yale magunia 40 stoo na kuyapiga picha pamoja na alama za gunia, akiwa na mwenye stoo. Apime angalau matano kwenye mzani. Barua ikitangulia, mtabishana hata idadi.