Mjadala: Mtafuta madini aingie shambani kabla ya mkataba?

Swali: Mtu akija bara ya Malindi, tuseme Marafa au Vitengeni, na leseni ya kutafuta dhahabu na molibdenamu (aina ya metali), wenye ardhi wamruhusu aanze na mkataba uje madini yakipatikana, au wasaini kwanza?

Mjiolojia: Aanze. Kutafuta si kuchimba. Kwanza huchekechwa mchanga wa vijito. Kisha udongo huchotwa kwenye kina cha sentimita 30 hadi 40, kila mita 50, kwenye mistari iliyoachana mita 200. Kilo moja inaingia kwenye mfuko wa kitambaa, shimo linafukiwa papo hapo. Hakuna mkorosho uliokatwa. Keekee, yaani mashine ya kutoboa mwamba, huja mwisho, na mara nyingi haiji kabisa.

Tena nasema wazi: mawe yetu ni ya mashapo, yaani mawe ya mchanga, udongo ulioshindiliwa, na matumbawe karibu na pwani. Dhahabu ya Kenya imechimbwa zaidi Migori na Kakamega, kwenye mawe ya kale ya volkeno. Molibdenamu ya mgodi wa Climax, Colorado, Marekani, inatoka kwenye mawe ya jamii ya graniti. Vitengeni panajulikana kwa madini ya risasi na baraiti (jiwe zito) yaliyofuata nyufa za mwamba, na Mambrui kwa mchanga mzito wa titani. Mkiwafunga watafiti kwa masharti kabla ya hata sampuli moja, hatutajua kilichopo.

Mtetezi wa ardhi: Bwana jiolojia, hoja yako ndiyo inayonitia wasiwasi. Ikiwa uwezekano wa kupata ni mdogo, basi huo mkataba wa "yakipatikana" huenda usije kamwe. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa madini anayotoa, asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii, lakini mrabaha ni wa madini yaliyochimbwa. Kwenye utafiti hakuna hata senti ya mrabaha. Leseni ya kutafuta ni ya hadi miaka 3 na inaweza kuongezwa. Miaka yote hiyo mwenye shamba anategemea fidia ya mikorosho, miembe na mahindi, na miti isiyohesabiwa kabla ya njia ya gari kufyekwa hailipwi. Ihesabiwe mmoja mmoja, mbele ya mwenyewe, na picha zipigwe.

Fundi keekee: Nyote mmeruka shimo lenyewe. Bara ya Malindi visima virefu vingi hutoa maji ya chumvi, na maji matamu machache yako juu yake. Keekee ikipita tabaka zote mbili na shimo likaachwa wazi, chumvi ina njia ya kupanda. Baada ya hapo kisima cha jirani kinaharibika na hakuna anayejua chanzo.

Hesabu yake ni hii. Shimo la kipenyo cha milimita 96, kina mita 100, lina ujazo wa lita 720 hivi. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukichanganywa na lita 25 za maji hutoa uji wa lita 41 kwa makadirio. Kwa hiyo shimo hilo linataka mifuko 18, na zaidi ikiwa mwamba una nyufa. Uji huo hushushwa kwa bomba hadi chini kabisa, bomba likipandishwa kidogo kidogo. Ukimwagwa mdomoni unaganda njiani, chini panabaki patupu, na kwa juu shimo linaonekana limezibwa vizuri. Mtu akimwaga mifuko 2 na kusawazisha udongo, nani atamgundua?

Daktari wa mifugo: Niongeze la ng'ombe. Molibdenamu ikizidi kwenye majani huzuia mwili wa mnyama kutumia shaba. Ng'ombe anaharisha, anakonda, manyoya yanapauka, hasa kuzunguka macho. Hatari huanza pale shaba inapopungua chini ya mara mbili ya molibdenamu kwenye malisho. Tofauti na metali nyingi, hii hupanda kwenye mimea kwa wingi zaidi udongo ukiwa wa chokaa. Majani na maji yapimwe kabla ya mtaro wa kwanza wa utafiti kuchimbwa, la sivyo baadaye hakuna cha kulinganisha.

Mjiolojia: Daktari, mashimo machache ya utafiti hayatabadilisha malisho, ila kupima mapema ni haki na gharama yake ni ndogo. La saruji nalikubali lote. Nami naongeza: mche wa mwamba, yaani kipande kirefu cha mviringo kinachotolewa na keekee, upasuliwe katikati, nusu iende maabara, nusu ibaki sandukuni. Gramu 30 za jiwe lenye gramu 1 ya dhahabu kwa tani zina miligramu 0.03 tu, kwa hiyo chenga moja ya dhahabu iliyodondokea humo inageuza majibu. Busang, Indonesia, sampuli zilitiwa dhahabu kwa mkono, na Bre-X, kampuni ya Kanada iliyokuwa ikitafuta dhahabu huko, ikaporomoka mwaka 1997. Miche ilikuwa imesagwa karibu yote, nusu ya kurudia kupima haikuwepo.

Mtetezi wa ardhi: Basi tuandike hivi: kila shimo liwe na namba, mahali, kina na idadi ya mifuko ya saruji, na lizibwe mwenye shamba akiwepo, akihesabu mifuko mitupu. Karatasi hiyo isainiwe kabla ya keekee kupakiwa kwenye lori.