Jumamosi na mtoto hapa Arusha: Boma, Azimio, Duluti, Meserani au hifadhini?

MamaWaSakina
Wadau, salamu. Naomba tulinganishe sehemu za kumpeleka mtoto mwisho wa wiki hapa Arusha, acheze na arudi na kitu kichwani. Watoto ni wawili, miaka 5 na 9. Usafiri ni kifodi (hiace ya abiria) na bajaji, gari la kukodi labda mara moja kwa muhula. Kutoka saa 2 asubuhi, na saa 10 jioni tuwe nyumbani. Nilizoorodhesha ni Makumbusho ya Elimu Viumbe pale Boma, Makumbusho ya Azimio la Arusha, Ziwa Duluti, bustani ya nyoka Meserani na Hifadhi ya Taifa Arusha. Ipi inamfaa yupi, na wazazi hukosea wapi?

Mwalimu_Sinoni
Dada, kwa huyo wa miaka 9 anza na Boma. Jengo ni ngome ya Wajerumani ya mwaka 1900, likafanywa makumbusho 1987. Ukishuka mjini unatembea tu kutoka Mnara wa Saa, hakuna nauli ya pili.

Kosa la kwanza ni kuanzia mlangoni na kusoma kila bango. Dakika ya ishirini mtoto ameshaanza kuulizia soda. Nendeni moja kwa moja sehemu ya mageuzi ya binadamu, kwenye nyayo za Laetoli, zilizokutwa kule Ngorongoro. Mwambie kwa ufupi: miaka milioni 3.6 iliyopita volkano ilimwaga jivu, mvua nyepesi ikalilowesha, mababu wa kale wa binadamu wakapita juu yake, jivu likakauka likawa gumu kama saruji. Kikosi cha mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey kilizifukua kuanzia 1978, msururu wa karibu mita 27.

Halafu mpe kazi ya mikono, nayo ianzie nyumbani Ijumaa jioni. Tandaza karatasi sakafuni iguse ukuta. Mtoto avue viatu na soksi, asimame juu yake kisigino kimegusa ukuta, uzito wote kwenye mguu huo. Weka alama mbele ya kidole kirefu, ambacho kwa wengine si dole gumba, kisha pima kwa futi ya fundi cherehani. Unyayo wa mtu ni kama asilimia 15 ya urefu wake. Asiyejua desimali azidishe sentimita kwa 20, kisha agawanye kwa 3. Akipata 18, mara 20 ni 360, gawanya kwa 3 ni 120. Simamisha mtoto ukutani uone kama hesabu imekaribia urefu wake. Itapishana kwa sentimita chache, hilo ni la kawaida, na ni vizuri alione mwenyewe.

Sasa zile nyayo ndogo za Laetoli zina kama sentimita 18. Kwa hiyo mmoja wa waliopita pale alikuwa na urefu wa mtoto wa darasa la pili hivi. Hapo utaona mtoto ananyamaza na kuitazama ile njia upya.

Zoezi huharibika mtu akipima na kiatu. Kiatu kinaongeza sentimita 2 hivi, na kwa kuwa tunazidisha kwa 20 na kugawanya kwa 3, hizo 2 zinakuwa 13 kwenye urefu. Kingine ni kumwacha mtoto akanyage au kushikashika vitu vya maonyesho ili alinganishe. Ile karatasi ya nyumbani ndiyo ya kulinganisha, mkononi.

Saa moja na nusu inatosha. Kuhusu Azimio, subiri afike miaka 11 au 12.

Kaloleni_Damu
Mwalimu, kwenye Azimio umekatisha mapema mno. Kweli ndani kuna picha na nyaraka, na wa miaka 5 hana lake pale. Ila wa miaka 9 anaweza kama utaanzia nje, kwenye Mnara wa Mwenge. Mpe swali moja tu la kulitafutia jibu ndani: kikao cha TANU kilikaa hapa Arusha siku gani, na Azimio likatangazwa lini? Kikao kilikuwa Januari 26 hadi 29, kutangazwa ni Februari 5, 1967. Mtoto anayewinda tarehe anasoma mabango yote bila kusukumwa.

Halafu rudini Mnara wa Saa. Watu husema ndipo katikati ya Cairo na Cape Town. Msimlishe mtoto jibu, mpeni ramani ya Afrika ya shuleni na rula. Cairo iko nyuzi 30 kaskazini, Cape Town karibu nyuzi 34 kusini, Arusha nyuzi 3 na kidogo kusini. Katikati ya hizo mbili ni nyuzi 2 kusini. Tofauti na sisi ni kama nyuzi moja na nusu, na kila nyuzi ni kilomita 111, kwa hiyo tumepishana na katikati kwa kilomita 160 hivi. Usemi si wa bure, ila haukai pale pale kwenye mnara. Somo zima la latitudo hilo, na halina kiingilio.

Tengeru_Juu
Kwa wa miaka 5 jibu ni Duluti, sioni ubishi. Mtoto wa umri huo anajifunza kwa miguu na macho.

Panda gari la Tengeru au Usa River, shuka Tengeru, ziwa liko upande wa kulia ukitokea mjini. Watu wazima hutembea, na mtoto mchukulie bajaji ili nguvu zake azitumie msituni. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko la Tengeru. Njia inajaa na magari ya kurudi mchana yanajaa mizigo. Hivyo ama uende Jumapili, ama ugeuze soko liwe sehemu ya somo: mpe shilingi elfu moja anunue ndizi mwenyewe na akuletee chenji sahihi.

Duluti ni ziwa la kreta. Hakuna mto unaoonekana kuingia wala kutoka, maji yake yanatokana na chemchemi za chini ya ardhi na mvua. Mwachie mtoto swali: maji haya yametoka wapi? Atazunguka akitafuta mto. Msituni tembeeni kimya dakika tano, kisha simameni dakika mbili mkihesabu sauti. Mtafute mdiria karibu na maji: hukaa kwenye tawi lililoinamia ziwa, hutikisa kichwa, kisha hujitupa kama jiwe. Kenge nao huota jua kwenye magogo, hasa saa 4 mpaka saa 6, jua likishapasha.

Sasa hatari. Kingo za kreta huzama ghafla, si kama ufukwe unaoingia polepole. Mtoto ashikwe mkono kila mnapofika ukingoni, na kuogelea hakuna. Mkipanda mtumbwi, boya la kuvaa liwe la saizi yake. Lijaribu nchi kavu: mwinue kwa mabega ya boya. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa, na majini litamvuka kichwa. Msitu ukilowa, udongo unateleza. Ndala ziache nyumbani, vaeni raba zenye meno.

Kwa huyo mkubwa kuna nyongeza: makaburi ya Wapolandi, hapo hapo Tengeru, ndani ya eneo la chuo cha mifugo. Wakati wa vita vya pili vya dunia wakimbizi wa Poland kama 5,000 waliishi Tengeru kuanzia 1942, wengi wao wanawake na watoto, na waliofia hapa, karibu 150, wamezikwa pale. Kwa mtoto anayejua kuisoma ramani ya dunia, kufuata kwa kidole njia kutoka Poland mpaka Tengeru ni jambo zito kwa namna nzuri. Wa miaka 5 asipelekwe huko akiwa na njaa.

Kisongo_Mashariki
Meserani iko kama kilomita 25 kwenye barabara ya Dodoma, magari ya Mto wa Mbu na Karatu yanapita pale. Watoto wa umri wote wanaipenda, tatizo ni saa wanayopelekwa. Nyoka hana joto lake mwenyewe, analitegemea la jua. Ukifika saa 3 asubuhi mwezi wa Julai, baridi na ukungu, utawakuta wamejikunja kama kamba, mtoto atasema wamekufa. Fikeni saa 5 kuendelea. Pia msimwahidi kuona nyoka akila, maana nyoka mkubwa anaweza kukaa wiki au zaidi bila kula.

Cha kujifunza pale ni kutofautisha. Koboko wengi wanamtegemea awe mweusi, kumbe ngozi ni ya kijivu au kahawia, na weusi uko ndani ya kinywa. Kifutu ni mnene, mfupi, ana alama kama mishale mgongoni, na hakimbii ukimkaribia. Ndiyo maana wengi humkanyaga. Swila wa kutema anarusha sumu machoni. Mkishawaona, mwambie mtoto akufundishe wewe huduma ya kwanza: kutulia, kiungo kisichezeshwe, hospitali haraka, kuchanja hapana, kunyonya hapana, kufunga kamba hapana. Sumu machoni ni kuosha kwa maji mengi mfululizo. Kwa familia inayolima au kufuga, hilo ni somo la maisha kabisa.

Pale kuna mamba pia: usimpandishe mtoto juu ya ukuta ili aone vizuri, mbebe begani ukiwa umesimama nyuma. Na kurudi mjini msichelewe: jioni magari kutoka Karatu yanafika pale yameshajaa, na kusimama barabarani na mtoto aliyechoka ni mateso. Saa 8 mchana muwe mmeshatoka.

Dereva_Momella
Hifadhi ndiyo hiyo ya gari la kukodi, mama. Jiungeni familia mbili, Noah moja, gharama inagawanyika. Lipieni kabla kwa simu kwa kumbukumbu namba, kwa sababu getini fedha taslimu hazipokelewi. Beba kitambulisho cha Mtanzania ili mtozwe kwa shilingi, na nakala ya vyeti vya kuzaliwa: chini ya miaka 5 haingii malipo, kuanzia 5 mpaka 15 ni bei ya mtoto. Huyo wako wa miaka 5 ameshavuka mstari, usije ukashangaa.

Simba usiwaahidi. Hapa watu huja kwa twiga, nyati, pundamilia, mbega na ndege. Ukiingia geti la Ngongongare unakutana na uwanda wa Serengeti Ndogo, na mara nyingi twiga wako pale pale. Kisha kreta ya Ngurdoto, ambayo huangaliwa kwa juu tu, kushuka hakuruhusiwi. Halafu maziwa ya Momella, yenye maji ya magadi, ambako heroe huja kula mwani. Rangi yao ya waridi inatokana na hicho chakula.

Mchezo mmoja wa mbega: hana dole gumba, limebaki kinundu. Mkiwa mnangoja, mfunge mtoto dole gumba kwa plasta kwenye kiganja, ajaribu kushika tawi, halafu kumenya ndizi. Tawi ataliweza, ndizi itamsumbua. Mbega ni wa kurukia matawi, vidole vinne vinamtosha kama ndoano. (Ndizi mumenye na mle ndani ya gari, madirisha yamefungwa. Nyani wakishaiona hamtakuwa na amani.)

Masika, Machi mpaka Mei, Noah itakwama njia za ndani. Na Meru hujifunika mapema, anayetaka mtoto auone mlima wote, mita 4,566, awe njiani saa 12 alfajiri.

MamaWaSakina
Ahsanteni sana, nimeandika yote. Sasa wote wawili kwa pamoja, Jumamosi moja, bila gari. Na nina hofu na huyo mdogo, anatapika kwenye hiace.

Tengeru_Juu
Duluti basi, na siku hiyo iwe Jumapili kwa sababu ya soko. Mkubwa mpe daftari la kuhesabu ndege, mdogo kazi yake iwe kuokota majani yaliyoanguka ya maumbo matano tofauti.

Mwalimu_Sinoni
Nakubali kwa Jumapili. Ila kama ni lazima Jumamosi, Boma. Duluti na wewe peke yako mtu mzima, watoto wawili, ukingo wa maji, mmoja anakimbia mbele na mwingine anavuta nyuma, mikono yako haitoshi. Tafuta shangazi au mjomba wa kwenda naye. Uwiano uwe mtoto mmoja kwa mkubwa mmoja kila penye maji.

Tengeru_Juu
Hapo umesema kweli, mwalimu. Mtu mzima wa pili, la sivyo msishuke ukingoni.

Dereva_Momella
Kuhusu kutapika: asipande na tumbo tupu wala akiwa ameshiba maziwa. Mpe mkate mkavu au kiazi nusu saa kabla. Kaa naye siti ya mbele karibu na dereva, au ya dirishani inayoangalia mbele, asiangalie simu wala kitabu, dirisha liwe wazi. Beba mifuko miwili, kitambaa kibichi na fulana ya kubadilisha, uviweke juu kabisa ya begi, chakula ndiyo kiwe chini. Na mlipie siti yake. Mtoto aliyepakatwa haoni mbele, na hicho ndicho kinachomchafua tumbo.